Sifa ya Mshipi Usiovutwa

Mara ya kwanza nilipomwambia baba mdogo kwamba huku Uingereza navua samaki, alifurahi kweli. Yeye amevua dagaa Ukerewe tangu hajaota ndevu. Kusikia kwamba kijana wa nyumbani amekwenda mbali vile akaishia kwenye kazi ya ukoo kulimpa moyo.

"Basi vizuri. Mna mitumbwi mingapi?"

"Hatuna mtumbwi, baba mdogo. Nasimama tu majini."

"Nyavu je?"

"Hatutumii nyavu. Mshipi mmoja, ndoano tatu."

"Chambo?"

"Uzi mweusi. Nausuka kwenye ndoano ufanane na kidudu."

Akanyamaza kidogo. "Haya, jana umepata ndoo ngapi?"

"Samaki mmoja."

"Mmoja! Siku nzima?"

"Siku nzima. Na nililipia kibali."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama mdogo akamnyang'anya simu akitaka kujua kumetokea nini.

Tangu siku hiyo najua nina deni. Mtu aliyesomesha watoto saba kwa dagaa huwezi kumwambia kwamba samaki mmoja kwa siku ni ufundi, ukategemea aridhike na neno hilo. Lazima umwonyeshe. Nayaandika haya mwishoni mwa Februari, jiliwa dogo limebanwa kwenye ukingo wa meza ya kulia, na pembeni yake kuna pakiti ya ndoano ambazo bado ziko tupu.

Ziwa ninalovua linaitwa Blagdon. Liko kusini mwa Bristol, chini ya vilima vya Mendip, na juu yake kijiji kimeketi kwenye mteremko, mnara wa kanisa ukichungulia maji. Si ziwa la Mungu. Ni bwawa: mto Yeo ulizibwa kuelekea mwisho wa karne ya 19 ili watu wa Bristol wapate maji ya kunywa, na mwaka 1904 likafunguliwa kwa wavuvi wa mshipi. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 2. Mtu wa Ukerewe angeliita dimbwi lililopata bahati. Trauti waliomo wengi wamepandikizwa, wa kahawia na wale wa rangi za upinde wa mvua ambao asili yao ni pwani ya magharibi ya Marekani. Wapo wanaosema samaki wa kupandikizwa ni kuku wa majini, na hawajakosea sana. Ila kuku huyu akishakaa ziwani majuma kadhaa husahau chakula cha kiwandani na kuanza kula anachokula samaki aliyezaliwa humo. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Machi ya Mwanza ni masika: mvua, matope, majani hadi magotini. Machi ya Blagdon wanaiita mwanzo wa majira ya kuchipua, lakini baridi haijapewa taarifa. Miti bado mitupu. Asubuhi kuna barafu nyembamba kwenye matundu ya ufito ambamo mshipi unapita, nami naitoa kwa kuipulizia pumzi. Nasimama majini nimevaa viatu vya mpira vifikavyo mapajani, soksi mbili ndani, na baada ya saa moja vidole vya miguu nimebaki kuvisikia kwa hisani tu. Hakuna kinachoruka wala kinachotua. Samaki wadogo ambao trauti huwakimbiza majira ya vuli wamekwisha au wamejificha. Ukiuliza trauti anakula nini wakati huo, jibu liko chini, kwenye tope.

Kwenye tope kuna viluwiluwi. Mama yao alitaga mayai juu ya maji, yamefungwa ndani ya utelezi kama wa bamia. Humo hutoka kiluwiluwi mwembamba kama uzi, akashuka chini na kujijengea kijumba cha tope alilolishikamanisha kwa hariri ya mate yake mwenyewe. Wengine ni wekundu wa damu, na wekundu huo ni damu kweli, kwa maana wana himoglobini kama mimi na wewe: tope la chini ya ziwa halina hewa ya kutosha, na himoglobini ndiyo inayowakamatia hiyo kidogo iliyopo. Humo hukaa miezi, majira yote ya baridi, wakila uchafu mzuri uliotuama.

Siku yake ikifika anageuka pupa. Kichwa na mabega huvimba, mwili hupinda kama alama ya mkato, na juu ya kichwa huota vishungi vyeupe vya kupumulia. Hewa hujikusanya chini ya ngozi yake ikamfanya mwepesi, akaanza kupanda. Hapandi kama mshale. Hujinyonganyonga kidogo, huchoka, hutulia, pengine huzama shibiri moja, kisha huanza tena. Kina cha mita nne au tano kwake ni safari ya mtu mzima. Akifika juu hukutana na ngozi ya maji, ule utando ambao sisi hatuusikii, akaning'inia chini yake akisukuma. Mgongo unapasuka. Anatoka kitu kama mbu, asiyeuma mtu, anakausha mabawa na kuruka. Katika visiwa vya Uingereza kuna aina zaidi ya 500 za jamii hii. Wavuvi hawana haja na majina ya wataalamu. Wote wanawaita baza, kwa ule mvumo wa makundi yao hewani jioni.

Nilipofundishwa haya mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu nilikuwa namjua huyu mdudu tangu utoto bila kujua nasaba yake. Kwetu kuna asubuhi unatazama ziwani ukaona moshi umesimama wima katikati ya maji, nguzo moja, nguzo ya pili, ya tatu, utadhani meli zinaungua. Wageni huuliza kuna nini. Si moshi, ni vidudu hao, mamilioni kwa mamilioni, na upepo ukiwaleta nchi kavu unafunga mdomo na madirisha. Wataalamu waliochunguza Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 waliandika kwamba hutoka kwa kufuata mwezi, wengi siku chache baada ya mwandamo. Wavuvi wa dagaa nao hufuata mwezi: gizani wanatoka na taa, zamani karabai, sasa za sola, na mbalamwezi ikifika wanakaa kambini wakishona nyavu. Domodomo amepewa ule mdomo mrefu kwa sababu ya viluwiluwi hawa hawa, awachokoe kwenye tope. Na dagaa anawala pia. Sisi tunamla dagaa mzima, utumbo na yote, kwa hiyo nimekula viluwiluwi tangu nilipoota meno, na ugali juu yake. Lakini hakuna mtu Ukerewe aliyewahi kukaa chini akamtoa dagaa kilichomo tumboni, aone amekula nini. Angechekwa.

Waingereza wamefanya hivyo, na kutoka hapo wakapata ufundi mzima.

Kisa chenyewe kina wakili na daktari. Wakili ni G. E. M. Skues wa London, aliyevua trauti katika mto Itchen. Zama zake kulikuwa na sheria isiyoandikwa serikalini lakini yenye nguvu kuliko ya serikali: muungwana huvua kwa chambo kinachoelea juu ya maji, basi. Frederic Halford ndiye aliyeisimika, akianza na kitabu chake cha mwaka 1886. Skues akaona samaki wanakula na hakuna kinachoelea. Akachukua kijiko chembamba kirefu, cha aina ile wenye nyumba kubwa walichotumia kuchota uboho ndani ya mfupa, akakiingiza kooni mwa trauti aliyemuua, akakizungusha na kukitoa. Kijiko kilijaa vidudu ambao hawajafika juu ya maji. Alichapisha hoja yake mwaka 1910, na ugomvi ukadumu muda mrefu: bado mwaka 1938 klabu ya wavuvi jijini London iliitisha mjadala kuhusu kama ni haki kumvua trauti wa mtoni kwa chambo kilichozama. Watu wazima hao, na Ulaya yote ikinusa vita.

Daktari ni Howard Bell. Alifika Blagdon kufanya kazi ya utabibu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Enzi hizo watu walivua ziwa lile kwa machambo makubwa ya manyoya ya rangi, mengine yamerithiwa kutoka uvuvi wa samoni, wakiyavuta kwa nguvu kana kwamba trauti ni paka wa kuchezewa na kamba. Bell alifanya kile ambacho daktari hufanya mgonjwa asiposema kinachomsumbua, yaani alichunguza. Akatazama matumbo, samaki hadi samaki, kisha akasuka chambo chembamba cheusi chenye kishungi cheupe kichwani, ambacho hadi leo kinabeba jina la ziwa hilo. Hakutuachia kitabu. Tunayoyajua kumhusu yaliandikwa na wengine, na wote wanamweleza kama mtu mkimya.

Mimi kijiko nilionyeshwa na mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa angekasirika. Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Mwaka wa kwanza sina la kusimulia: nilivua kama mtu anayevuta ndoo kisimani, nikirusha na kuvuta, nikirusha na kuvuta, Machi yote na nusu ya Aprili, na sikuguswa hata na jani. Yule mzee alikuwa akisimama hatua arobaini kutoka kwangu na mara kwa mara ufito wake ulikuwa ukipinda. Mwishowe aliniita. Alikuwa amemuua trauti wa kilo moja hivi. Akachukua kijiko, akakiingiza, nusu mzunguko, akakitoa, kisha akakitikisa ndani ya kisahani cheupe chenye maji.

Kwanza liliingia donge jeusi la kijani. Likalowa na kuanza kuachana. Nikaona uzi mwekundu, wa pili, wa kumi. Nikaona pupa weusi wenye mistari ya kijivu, vishungi vyeupe bado vimesimama, na mmoja wao akajinyonga. Alikuwa hai. Nilirudi nyuma kidogo, nakiri. Mzee akachukua kijiti cha kiberiti na kuanza kuwatenga kama mama anayechambua mchele. Wekundu walitoka upande wa ncha ya kijiko, akaniambia, ndio walioliwa mapema, asubuhi, samaki akiwa chini kabisa. Weusi walikuwa upande wa mkono, walioliwa mwisho. Maana yake kuanzia saa tano hivi samaki aliacha tope akapanda kufuata pupa. Akatazama saa: ilikuwa inakaribia saa saba mchana. "Kwa hiyo," akasema, "wewe unavua chini mno, na unavua haraka mno. Lakini kosa kubwa ni la pili."

Nilihesabu waliokuwa ndani ya kisahani nikaachia njiani baada ya 80. Kijiko kimoja tu! Samaki aliyewala wote hao hakumkimbiza hata mmoja. Maji yalikuwa nyuzi 7, na trauti ni mnyama wa damu baridi. Maji yakiwa hivyo tumbo husaga polepole na mwili hauna nguvu za kutapanya. Anaogelea taratibu, anafungua mdomo, anafunga. Mimi nilikuwa nampitishia mbele ya macho kidudu kinachokimbia kama treni. Hakuna pupa duniani anayeogelea hivyo. Hata angekuwa na njaa ya siku tatu, trauti yule asingeniamini.

Kwa hiyo nilianza upya, na sasa naweza kumweleza baba mdogo kazi ilivyo.

Inaanzia nyumbani, kwenye jiliwa. Ndoano unaibana kwa mkunjo wake. Ndoano zina hesabu ya kinyume, namba ikipanda ndoano inapungua. Wengi hutumia namba 12 na 14 kwa kazi hii. Uzi mweusi mwembamba unaanzia nyuma ya kitundu, unashuka hadi kwenye mkunjo wenyewe, kwa sababu mwili wa pupa umepinda na chambo lazima kipinde. Ukifika pale unafunga waya wa fedha mwembamba kuliko unywele wa mtoto, unarudi na uzi hadi kichwani, kisha unauzungusha waya juu yake, mizunguko mitano au sita yenye nafasi sawa. Hiyo ndiyo mistari ya tumbo. Kichwani unaongeza uzi kidogo uvimbe, unaweka kipande cha rangi ya machungwa kila upande pale ambapo mabawa yanasubiri ndani ya ngozi, na kishungi cheupe kisichozidi milimita mbili. Mwisho matone ya vanishi, tabaka baada ya tabaka, hadi kitu kizima king'ae kama mbegu ya tikiti. Vanishi ina kazi yake pia: inafanya chambo kuwa laini na kizito, kizame bila kuhitaji chubwi. Chambo cha kwanza nilichosuka kilifanana na kombamwiko. Cha 200 kilifanana na kiluwiluwi, na katikati ya hapo mke wangu alijifunza kutotembea peku chumbani.

Ziwani, ufito ni wa mita 3, mshipi ni ule unaoelea, na mbele yake nailoni ya mita 5 au zaidi yenye machambo matatu yaliyoachana kama mita moja na nusu. Unaurusha kukatisha upepo. Kisha unangoja machambo yashuke. Mimi nahesabu kwa Kiswahili, na hili si suala la uzalendo. Ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa: hesabu zetu ni ndefu kuliko zao, na urefu ndio ninaoutaka. Yule mzee akihesabu 30 kwa Kiingereza machambo yake bado yako njiani, yangu yamekwisha kufika. Nimemweleza, akasema amechelewa mno kujifunza.

Baada ya hapo huvuti. Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndipo wengi hushindwa. Upepo wa magharibi unaushika mshipi juu ya maji na kuusogeza taratibu ukichora upinde, na chini yake machambo matatu yanafuata, yakipanda kidogo, yakizama kidogo, kama wanavyofanya wenyewe walio hai. Kazi ya mkono wa kushoto ni kula ulegevu tu: unakunja mshipi kiganjani kwa vidole, kidole gumba na cha shahada vikichukua kidogo, vidole vitatu vya mwisho vikichukua kidogo, kiganja kikigeuka huku na huku kama mtu anayeandika tarakimu 8 hewani. Ukiona mshipi unasogea kwa sababu yako, umeharibu. Arthur Cove, mvuvi wa mabwawa ya katikati ya Uingereza, alijenga sifa yake yote juu ya polepole hiyo, kwa nailoni ndefu na machambo membamba, na wengi tunaosimama majini leo tunavua kwa mtindo wake hata kama hatujui tumeutoa wapi.

Niliyezaliwa kwenye uvuvi wa nguvu nilipata shida sana na jambo hili. Kwetu uvivu ziwani ni aibu. Mtu asiyevuta anakula jasho la wenzake. Kusimama saa nne bila kufanya kitu kunahitaji kujikana. Na ukweli ni kwamba unafanya kitu: unatazama. Kati ya ncha ya ufito na maji mshipi unaning'inia ukiwa umelegea kidogo, umepinda kama ukanda wa kanga uliofungwa vibaya. Mchana kutwa unatazama mkunjo ule. Upepo unautikisa, mawimbi yanautikisa, nawe unajifunza mitikisiko yote ya uongo ili utambue ule mmoja wa kweli. Bata wanapita. Mbayuwayu wa kwanza wa mwaka wanafika, wamevuka Sahara bila kuulizwa viza, wanafagia uso wa maji wakiokota baza mmoja mmoja, na ukiwaona wamezidi upande mmoja wa ziwa unajua pupa wanatokea huko, unahama.

Kisha mkunjo unanyooka. Sina namna bora ya kusema. Hakuna kishindo wala mvuto mkononi. Ni kama mshipi umekumbuka jambo. Sentimita tano, kumi, ukinyooka polepole kinyume na upepo. Ukingoja mpaka mkono usikie, samaki amekwisha kutema. Unainua ufito tu, bila papara, na kitu kilicho upande wa pili kinakataa. Nimevua sangara nikiwa kijana, samaki mzito kuliko mdogo wangu wa wakati ule, na nilifurahi kama mtu anayefurahia pesa. Hii furaha ni nyingine. Ni ile ya kukisia kitu ambacho hukukiona, kina chake, saa yake, ukubwa wake na mwendo wake, na kuambiwa kwamba umepatia yote manne.

Nitaje boya, maana wenye ujuzi wataniuliza. Siku hizi wapo wanaofunga boya dogo la rangi kali kwenye nailoni, machambo yakaning'inia chini yake kwa kina kile kile kutwa nzima. Boya likizama, samaki. Wazee wa Blagdon wakiliona wanageuza uso. Mimi nimelitumia, na katika maji ya baridi linavua kuliko kiburi changu kinavyopenda kukubali. Ila nimeliacha. Linaniondolea kazi ya kutazama mkunjo, na kazi hiyo ndiyo niliyoilipia kibali.

Kuna siku ya Machi mwaka jana ninayoihesabu kuwa ndiyo niliyofuzu. Upepo ulikufa saa sita. Maji yakawa kioo, na kwa maji kama hayo pupa huchelewa kutoboa ule utando, wanajaa chini yake kama watu kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo kabla daraja halijaisha. Trauti walikuwa wakipita juujuu, mgongo unaonekana, mkia unaonekana, hakuna anayeruka. Mimi mchanga wa mwaka wa kwanza ningewarushia vichwani. Nilirusha mbali mbele yao, nikapaka nailoni mafuta kidogo machambo yasishuke, nikaushikilia mshipi nisifanye lolote. Sikuvuta hata kidogo. Nilihesabu hadi mia moja na kumi na sita. Mshipi ukakumbuka jambo. Nilimchukua samaki mmoja yule, kijiko kikanionyesha pupa weusi watupu, wadogo, mwekundu hata mmoja hakuna, nami nikafunga virago ingawa kibali kiliniruhusu zaidi. Huyo ndiye samaki mmoja aliyemchekesha baba mdogo.

Juma lililopita nilimpigia picha machambo kumi na mawili yaliyokauka, nimeyapanga kwenye kiganja, nikamtumia kwa WhatsApp bila maelezo. Alikaa kimya siku mbili. Nilidhani amepuuza. Juzi usiku ulikuja ujumbe wa sauti, upepo wa ziwa ukivuma nyuma yake na mtu akigonga ndoo.

"Hawa nawajua," alisema. "Ni wale wa kwenye moshi, kabla hawajatoka. Kwenye taa tunawaona wanapanda. Umewapatia, na hizo nywele nyeupe pia umeziona. Lakini umewafanya wakubwa mno, mwanangu. Wapunguze."

Yule mzee aliniambia hivyo hivyo mwezi Novemba, nikabisha. Msimu unafunguliwa Machi hii, na zile ndoano kwenye pakiti ni namba 16.